Wimbo wa Kupandia Mweka

Saa 11 alfajiri ya Jumapili, Barabara ya Kilwa haijashikwa na foleni. Daladala za kwanza kutoka Mbagala ndiyo kwanza zinawasha taa, wauza chapati wanachochea mkaa, na kabla hujaona mtu yeyote unasikia filimbi. Inafuata sauti moja ya mwanamume, nene, iliyozoea kuamrisha. Sauti thelathini zinaiitikia. Kisha wanatokea kwenye mwanga wa kituo cha mafuta: mistari miwili, fulana za njano, wanawake wengi kuliko wanaume, wengine na hijabu, wengine wamefunga kanga kiunoni juu ya suruali za mazoezi. Kila mguu wa kushoto unapotua, unatua na neno la wimbo.

Hiyo ndiyo klabu yetu ya jogingi ya Mtoni, moja kati ya nyingi zinazoiamsha Temeke kila mwisho wa wiki. Wanachama wake ni mafundi cherehani, madereva wa bodaboda, mwalimu wa sekondari, wauguzi wawili, mama muuza vitumbua, na mimi mwandishi. Klabu ina daftari. Kila Jumapili kila mtu anatoa shilingi 1,000, na daftari hilo limeshanunua sanda, limekodi maturubai, limelipia dawa za mtoto wa mwenzetu. Mtu akikosekana Jumapili mbili bila taarifa, mbio za Jumapili ya tatu zinapitishwa mlangoni kwake.

Mwenye filimbi ni mzee wa miaka 61, mstaafu wa jeshi, ambaye hakuna anayemwita kwa jina. Ni Afande tu.

Vijana huona mtindo huu umekuja juzi kwa sababu neno jogingi limekuja juzi. Mambo yenyewe ni ya zamani, na jina lake ni mchakamchaka. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ya 1970 na 1980 anakumbuka kengele ya asubuhi, mistari miwili, kiranja mwenye koo zuri mbele, na mbio za kukizunguka kijiji kabla ya kuingia darasani. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, walikimbia vivyo hivyo wakiwa na buti. Katika elimu ile hakuna aliyefundishwa kukimbia peke yake, na hakuna aliyekimbia kimya. Nilikuja kuona thamani ya jambo hilo baada ya kulipa gharama ya kulisahau.

Wazo la kwenda kukimbia Moshi lilitoka kwa mama wa vitumbua. Ilikuwa Oktoba 2024, tumemaliza kilomita 6, tumekaa chini ya mwembe tunakunywa madafu. Akasema Mlima Kilimanjaro ameuona kwenye chupa za maji na kwenye kalenda ya ukutani tangu akiwa mtoto, sasa anataka kuuona kwa macho yake, na hataki kwenda kuutazama tu kama mtalii. Anataka kwenda na kazi. Kazi ilikuwepo. Kilimanjaro Marathon imekuwa ikikimbiwa Moshi tangu 2003, kwa kawaida Jumapili ya mwisho ya Februari, na ina milango mitatu: kilomita 42.2 kwa wenye nia kali, kilomita 21.1 kwa walio wengi, na kilomita 5 kwa yeyote mwenye miguu. Tulijiandikisha watu tisa. Wanane tulichukua 21. Afande alichukua 42, akakunja fomu, akarudisha kalamu mfukoni, basi.

Tulikuwa na miezi minne. Kwa mtu anayeweza kukimbia kilomita 6 bila kusimama, miezi minne inatosha kufika 21 ikiwa ataongeza umbali kidogokidogo: mbio ndefu moja kwa wiki, fupi mbili, siku za kupumzika katikati. Jumapili ya kwanza kilomita 7, ya pili 8, ya tatu 9, ya nne unarudi 7 ili mwili ulipe madeni yake. Hivyo ndivyo Afande alivyopanga, kwa kalamu, nyuma ya daftari la michango.

Mimi nikaona nina njia bora. Nilipakua programu ya mbio kwenye simu, ikawa inanitajia sikioni dakika na sekunde za kila kilomita. Nikaacha kutoka na klabu, nikawa natoka saa 12 jioni peke yangu, nikishindana na namba za jana. Wiki ya kwanza nilipunguza sekunde 20 kwa kila kilomita. Wiki ya tatu, 40. Nilikuwa na furaha kubwa, na mwanzoni mwa Desemba goti la kulia likavimba hata ngazi za nyumbani zikawa safari.

Mtaalamu wa viungo aliyenishika goti hakuona kilichochanika. Aliniuliza swali moja: ukikimbia, unaweza kuzungumza? Nilimjibu kwamba nikikimbia siwezi hata kuitikia salamu. Akasema hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Kipimo hicho cha maongezi kinatumiwa na walimu wa mbio duniani kote, na ni sayansi ya kweli. Mtu anapokimbia kwa mwendo mwepesi, misuli hupata oksijeni ya kutosha, huunguza mafuta na wanga taratibu, na mapafu hubakiwa na nafasi ya kutoa sentensi nzima. Kasi ikivuka kiwango fulani, hewa chafu ya kutolewa inaongezeka, pumzi zinakuwa fupi, maneno yanakatika katikati. Mishipa midogo ya damu, moyo na kano hujengeka vizuri zaidi katika ule mwendo wa kuzungumza, kwa sababu mtu anaweza kuurudia siku baada ya siku bila kuumia. Hata wakimbiaji wakubwa hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao humo. Pumzi ya mtu mzima huzoea kazi mpya haraka. Kano na mifupa huhitaji miezi. Simu yangu ilikuwa inasikiliza pumzi tu.

Niliporudi klabuni Januari, nilikaa mstari wa nyuma na kusikiliza. Afande alianzisha wimbo, thelathini wakaitikia, na nikaelewa kitu ambacho kilikuwa mbele ya pua yangu tangu nikiwa darasa la pili. Anayeweza kuimba anakimbia katika mwendo salama. Akizidisha mwendo, wimbo unamfia mdomoni, na mwimbishaji anasikia pengo na kupunguza hatua. Mchakamchaka una kipimo ndani yake. Hauhitaji betri, na unampima mnyonge wa kundi badala ya bingwa wake. Nani aliubuni hivyo, sijui kama yupo wa kutajwa. Mtu wa kwanza aliyewatembeza watoto mia moja wa umri tofauti bila kumwacha mmoja nyuma alikuwa ameshalifikia jibu.

Nilizima sauti ya simu.

Dar es Salaam ina kasoro moja kwa anayejiandaa kwenda Moshi: ni tambarare. Vilima vyetu tulivipata kwenye Daraja la Nyerere, lile la Kurasini kwenda Kigamboni lililofunguliwa 2016. Lina urefu wa mita 680, na mgongo wake umepinda vya kutosha kumfanya mtu ahisi mapaja. Tulilipanda na kulishuka mara nane, mara kumi, upepo wa bahari ukitupiga ubavuni. Jumamosi nyingine tulikwenda Mlimani, kwenye barabara za Chuo Kikuu, ambako mpando ni mrefu zaidi na kuna kivuli. Joto la Januari lilikuwa mwalimu wa pili. Alfajiri ya pwani hewa imejaa maji, jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Tulijifunza kunywa kidogo kila mara, na kutia chumvi na sukari kidogo kwenye chupa za mbio ndefu.

Raba tulizipata Tandika, kwenye mitumba. Hapo niseme kwa kirefu kidogo, maana wengi huogopa kuanza mbio kwa sababu ya bei za madukani. Kiatu cha mbio kilichotumika kinaweza kuwa kizuri sana ikiwa mnunuzi anajua kukishika. Mama wa vitumbua anajua. Anakiweka juu ya meza usawa wa macho kuona kama kimelalia upande mmoja. Anabonyeza soli kwa kidole gumba, katikati ya kisigino: ikirudi polepole au ikabaki na mikunjo kama uso wa mzee, anakirudisha. Anakikunja; kikipindia katikati ya unyayo badala ya penye vidole, anakirudisha. Anaingiza mkono ndani kutafuta palipochakaa. Siku ile alikataa jozi kumi na moja, muuzaji akiwa ameshakata tamaa naye, kisha akachukua ya kumi na mbili, ya bluu, kubwa kidogo kuliko mguu wake, kwa sababu kwenye kilomita ndefu mguu huvimba.

Ijumaa tuliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, na basi la alfajiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kilomita 560 hivi, na ushauri wangu kwa anayekwenda mara ya kwanza ni kukaa dirisha la kulia. Mpaka Chalinze hakuna cha kuchungulia. Baada ya Segera nchi inaanza kuinuka; mkonge wa Korogwe unapita kwa mistari iliyonyooka, na Mombo unakuta ukuta wa Usambara umesimama juu ya kichwa cha basi. Usambara wakichoka, Wapare wanapokea: Same, Mwanga, milima mkono wa kulia muda wote, kavu chini na kijani juu, kama watu waliovaa kofia.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Mbulu anayerudi nyumbani kupitia Arusha. Alipoona fulana zetu aliuliza tunakwenda wapi, na tulipomjibu akageuka mwili mzima. John Stephen Akhwari, akasema, ni wa kwetu. Akaanza kusimulia kama aliyekuwepo. Mexico City, Oktoba 1968, mji ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Mzee hakutaja uchungu wala ushujaa. Alitaja goti, kwa undani, kama fundi anayeeleza gari lililoharibika.

Kutoka hapo akahamia kwa Filbert Bayi wa Karatu, ambaye Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola mpaka utepe na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia ilikuja kuchukuliwa, lakini muda ule ulibaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hadi Birmingham 2022. Akamtaja Juma Ikangaa, wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na katikati yake bingwa wa New York 1989. Akauliza kama bado wapo vijana wa namna hiyo. Afande, kiti cha nyuma, akamtajia Gabriel Geay na Alphonce Simbu. Tulikuwa Februari 2025. Hakuna aliyejua kwamba Septemba ya mwaka huohuo Simbu angeshinda dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42 na ushei. Siku ile ya Tokyo nilimkumbuka yule mzee, nikatamani ningekuwa na namba yake ya simu.

Moshi tulifika jua likiwa upande wa Arusha. Mlima haukuwepo. Palikuwa na wingu kubwa la kijivu mahali ambapo ungetakiwa kuwa, na mama wa vitumbua alilitazama kwa muda, mkoba begani, bila kusema lolote.

Mji wenyewe ni wa watu wenye haraka ya kazi na barabara safi. Hapa ndipo wakulima wa kahawa wa Kichagga walipounda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na mbio huanzia na kumalizikia kwenye uwanja wa chuo kilichozaliwa na fikra hizohizo, Chuo cha Ushirika cha 1963 ambacho sasa ni Chuo Kikuu. Jumamosi tulitembea kidogo, tukalala sana, na usiku tukala mtori wa ndizi. Kwamba mtori unamfaa mkimbiaji sina ushahidi wa maabara, ila nina hesabu. Mwili wa mtu huweka akiba ya wanga inayoweza kutoa kalori 2,000 hivi. Mtu wa kilo 65 hutumia takribani kalori 65 kwa kila kilomita anayokimbia, maana yake kilomita 21 zitamla kama 1,370. Akiba inatosha, mradi ghala limejaa. Kwa kilomita 42 haitoshi, na ndiyo sababu wakimbiaji wengi wa marathoni hukata moto karibu na kilomita ya 30. Afande alikula bakuli tatu za ndizi zile, polepole, kwa kijiko, kama mtu anayetia mafuta kwenye lori.

Jumapili alfajiri, kulipokuwa kunapambazuka, nilitoka nje ya nyumba ya wageni na kumkuta mama wa vitumbua amesimama uani na mtandio wake, uso ameuinua. Wingu lilikuwa limeondoka. Kibo ilikuwa pale, karibu mno, nyeupe juu na buluu chini, na Mawenzi kulia kwake imechongoka. Mita 5,895. Mama alikuwa akitikisa kichwa taratibu. "Kumbe ni mkubwa hivi," alisema, "na sisi tunakaa nao nchi moja."

Afande na wenzake wa 42 waliondoka kwanza. Kwetu ilipofika zamu, barabara ilikuwa imejaa watu bega kwa bega, Wazungu wenye kofia za jua, wanafunzi, wanajeshi, mabenki yenye fulana mpya, na klabu za mitaa kutoka Arusha, Tanga, Nairobi. Kilomita tatu za kwanza ni za mjini, na zinadanganya. Hewa ni ya nyuzi 20, mtu wa Dar es Salaam anajisikia kama amevuliwa koti la mvua, na miguu inataka kukimbia yenyewe. Wengi walitupita. Tuliwaacha. Wanane wa Mtoni tulishika mistari miwili, mwalimu wa sekondari akachukua nafasi ya Afande, na wimbo ukaanza pale penye mzunguko wa kutokea mjini.

Watu waligeuka. Wengine walicheka kwa furaha na wengine waliingia mstarini. Vijana wawili wa Tanga walikaa nasi kilomita nne nzima na kuitikia kama waliozaliwa Temeke.

Kisha barabara ya Mweka ikaanza. Kwenye karatasi ni jambo dogo: kutoka mita mia nane na kitu hadi takribani 1,150, kwa kilomita chache za lami. Mwilini ni jambo jingine, kwa sababu mpando huo haukupi pa kupumzikia. Unapinda kidogo, unadhani umekwisha, na nyuma ya kona kuna mwingine. Pande zote mbili ni vihamba, migomba na mibuni iliyokaa chini ya kivuli chake, maji ya mfereji yakilia mahali usipopaona. Ilikuwa Jumapili, nayo Moshi ni ya watu wa kanisa. Familia zilikuwa zinateremka kwenda ibadani, baba na suti, mabinti na nguo nyeupe zilizopigwa pasi, wakituacha tupite upande wao wa barabara. Hawakutupigia kelele za kuongeza kasi. Walisema "poleni". Watu wazima kwa watoto: poleni, poleni sana, poleni na kazi. Bibi mmoja mwenye fimbo alisimama, akanitazama machoni, akasema, "Pole mwanangu, umebakiza kidogo," ingawa nilikuwa nimebakiza kilomita kumi na tano. Nimesoma habari nyingi za washangiliaji wa mbio za miji mikubwa ya dunia. Sijasoma mahali popote penye watu wanaompa mkimbiaji pole, na ninaamini ni neno bora zaidi kwa mtu anayepanda mlima, maana linakubali kwamba anapanda.

Katika kilomita ya sita walitokea wakishuka. Njia ya nusu marathoni ni ya kwenda na kurudi, kwa hiyo wa mwisho hukutana uso kwa uso na wa kwanza. Pikipiki ilitangulia, nyuma yake vijana wanne waliopangana, hatua zao ndefu na hazina sauti. Tuliacha kuimba kwa sababu tulisahau. Walipita kwa sekunde tatu au nne. Mwalimu akasema, "Hao, hata dakika hamsini hazijatimia," na tukarudi kwenye kazi yetu.

Kilomita ya nane wimbo ulikatika kweli. Mwalimu alitoa mstari, tukaitikia watatu tu, halafu mmoja. Zamani ningekaza meno. Safari hii mwalimu alifanya alichofundishwa: alishusha hatua mpaka karibu tunatembea, akasubiri, akaimba tena kwa sauti ya chini. Wakaitikia wanne. Wakaitikia wote. Waliotupita mjini tulianza kuwakuta hapo, mmoja mmoja, wamesimama kando ya barabara mikono kiunoni, wengine wakishika ubavu kwa kichomi. Tuliwaita waingie. Wengine waliingia.

Kwenye kigeuzio mtu alinipa maji, nikanywa nusu na kujimwagia nusu. Barabara hiyohiyo ikiendelea juu inafika kwenye Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, nacho cha mwaka 1963, na mbele yake kuna lango ambalo wapanda mlima wengi hutokea wakishuka kutoka kileleni. Sisi tuligeuka hapo.

Sasa mteremko, na hili ndilo jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Kila aliyenisimulia Moshi alinitisha kwa mpando. Mpando unakula pumzi, na pumzi hurudi. Mteremko unakula mapaja. Mtu anaposhuka, kila hatua misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inavutwa na kurefuka huku ikijikaza, na katika hali hiyo nyuzi zake ndogo huchanika kwa wingi kuliko wakati wa kupanda. Maumivu hayaji siku hiyo. Huja kesho na keshokutwa. Kinga yake ni kuzoea miteremko miezi kabla, na hapo nilimshukuru Afande aliyekuwa akitulazimisha kuteremka Daraja la Nyerere kwa hatua fupifupi, wakati sisi tulitaka kulishuka kwa kujiachia ili tupumzike. Hatua fupi, magoti laini, usiegemee nyuma. Mama wa vitumbua alishuka hivyo kama maji ya mfereji. Kufika kilomita ya 15 raba zake za bluu zilikuwa zimetutangulia mita mia moja, na hakuna aliyemwita arudi.

Niliingia uwanjani baada ya saa 2 na dakika 42. Nilivishwa medali, nikakaa kwenye nyasi, nikalia kidogo, nikanyamaza. Mama alikuwa ameshamaliza dakika saba kabla yangu na tayari anawagawia watu vitumbua alivyokuja navyo kutoka Dar es Salaam ndani ya kopo la plastiki, vya siku mbili, na vilikuwa vitamu.

Tukabaki kumsubiri Afande.

Saa 4 jua lilikuwa kali. Saa 5 Mlima ulikuwa umejifunika tena, na wenye mahema walikuwa wanafunga biashara. Tulijua yuko mahali fulani kwenye barabara ileile ya Mweka, maana wa 42 huanza kwa kukimbia upande wa barabara ya Dar es Salaam, kisha hurudi mjini, na baada ya kutimiza nusu ya safari ndipo wanapandishwa. Sisi tulipanda na miguu mipya; yeye alikuwa anapanda na kilomita ishirini na kitu mwilini, jua la saa 4 mgongoni, na hakuna wa kumuitikia. Mwalimu alitaka kumfuata. Muuguzi mmoja akamzuia, akasema Afande akiona mtu amekuja kumchukua ataongeza mbio kwa hasira na kujiumiza.

Ilikaribia saa 6 mchana tulipoiona fulana ya njano kwenye lango. Alikuwa anakimbia. Hatua zilikuwa fupi, mabega yamepanda, lakini miguu yote miwili ilikuwa inaondoka chini, na mguu wa kushoto ulikuwa ukitua kwa mpigo ninaoujua. Tulisimama kwenye kamba wote wanane. Alituona. Akainua mkono wa kulia juu, kama anavyouinua kila Jumapili kwenye Barabara ya Kilwa, akafungua mdomo kuanzisha wimbo, na sauti haikutoka.

Mama wa vitumbua akaupokea mstari. Tukaitikia, na watu tusiowajua nyuma yetu wakaitikia, naye akaja mpaka mstari wa mwisho mkono wake ukiwa bado juu.

Jioni ile aliomba daftari. Alikata kilomita kwa kalamu, akaandika Jumapili inayofuata: 4, mwendo wa pole, saa 11 alfajiri, penye kituo cha mafuta.